Je, postikadi za zamani zinasema kweli kuhusu maisha ya kila siku?

*"Shangazi yangu alifariki mwaka jana, na katika vitu vyake tumekuta sanduku la postikadi za zamani, zaidi ya mia mbili. Nyingi ni za mitaa, masoko, bandari na stesheni za treni. Chache zinaonyesha watu wamesimama mbele ya duka au karakana, bila maelezo yoyote. Zipo zilizoandikwa na kutumwa, zipo ambazo hazina hata herufi moja. Ndugu zangu wanasema hizi zilikuwa picha za kupamba, za kuwauzia wageni, na haziwezi kutuonyesha watu walivyoishi. Mimi sikubaliani nao, ila sina cha kuwajibu. Nimeanza kuzipanga kwa miaka nikifuata tarehe ya muhuri wa posta. Baadhi zina madoa, nyingine zimegandishwa kwenye albamu kwa gundi. Nilikuwa nataka kuzipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, nizibandue zilizogandishwa, halafu nizilamineti zote zisiharibike zaidi. Je, niko sahihi? Na ninachokiona ndani yake, nikiamini?"*

Ndugu msomaji, pole kwa kufiwa na shangazi. Kabla ya lolote lingine, nakuomba uweke kando hicho kitambaa na uahirishe kabisa wazo la kulamineti. Sababu nitazieleza huko mbele. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kadi iliyokaa miaka mingi sandukuni inaweza kusubiri wiki nyingine bila madhara, lakini kadi iliyokwisha kulaminetiwa haina njia ya kurudi ilivyokuwa.

Ombi la pili: simamisha pia huo upangaji. Kama bado kuna kadi ambazo hujazigusa, zipige picha kwa simu jinsi zilivyolala, fungu kwa fungu, kabla ya kuhamisha hata moja. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi nyaraka tunathamini sana mpangilio aliouacha mwenye vitu. Huenda shangazi alifunga pamoja kadi zote alizotumiwa na mtu mmoja, au aliweka za safari moja mahali pamoja. Ukishazichanganya kwa tarehe, habari hiyo imepotea, na hakuna kadi moja moja itakayokurudishia.

Sasa tuje kwenye ubishi wenu. Ndugu zako wamesema jambo la kweli, ila wameliishia katikati. Postikadi ilikuwa bidhaa. Mchapishaji alituma mpiga picha mahali ambapo aliamini patauzika: barabara kuu, daraja jipya, jengo la posta, gati lenye meli. Mpiga picha alisubiri jua, akachagua saa ambayo mtaa unapendeza, na mara nyingine aliwaambia watu wasimame hapa au wasogee pale. Baada ya hapo picha ilipita mikononi mwa mafundi. Walifuta nguzo za simu, wakaongeza mawingu, wakabandika gari au watu ambao hawakuwepo. Kadi nyingi za "usiku" zenye mwezi ni picha za mchana zilizotiwa giza, kisha madirisha yakapakwa manjano.

Rangi ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine. Picha yenyewe ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Kabla ya mwaka 1914 kazi kubwa ya kuchapa postikadi za dunia ilifanyika Ujerumani, kwa hiyo mtu aliyepaka rangi mlango wa duka au gauni la mwanamke yule mara nyingi alikuwa kiwandani, mbali sana, na hajawahi kuukanyaga mtaa huo. Alifuata maelekezo machache yaliyoandikwa, au alikisia. Kwa hiyo ukiona mlango wa buluu, usiandike popote kwamba duka lile lilikuwa na mlango wa buluu. Nimewahi kuweka kadi mbili mezani, mtaa ule ule, picha ile ile, mwanamke yule yule amebeba kikapu: katika moja kavaa nyekundu, katika nyingine kijani.

Lakini ndugu zako hawajajiuliza kitu kimoja: huyo mwanamke mwenye kikapu alikuwa anafanya nini pale? Mchapishaji hakumhitaji. Alitaka jengo la posta. Hata hivyo lenzi haichagui; inachukua kila kilicho mbele yake, na aliyetaka kupiga jengo alilazimika kuchukua na mtaa wote uliolizunguka. Hapo ndipo maisha ya kila siku yalipoingilia, pembeni mwa picha na nyuma yake, mahali ambapo hakuna aliyejali kupanga wala kurekebisha. Kwa hiyo jibu langu kuhusu kuamini ni hili: kile ambacho kadi ilitaka uone, kitazame kwa tahadhari. Kile ambacho haikujishughulisha nacho, kiamini zaidi.

Niruhusu nikuonyeshe jinsi ninavyosoma kadi moja. Ni barabara ya sokoni katika mji wa bandari, imepakwa rangi, na muhuri wake ni wa mwaka 1911. Kwa haraka unaona mnara wa kanisa na anga ya buluu safi. Chukua kioo cha kukuza, uache mnara, ushuke chini. Barabara imelowa, kuna dimbwi karibu na ukingo, na ndani ya dimbwi kuna kivuli cha gurudumu la mkokoteni. Wanaume wawili wamekunja miavuli na kuishika kama fimbo. Kumbe mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ile anga ya buluu ilizaliwa kiwandani. Upande wa kulia mtoto wa miaka kama tisa amebeba ndoo, ameegemea upande mmoja kwa uzito, hana viatu, na wenzake wawili wanaomfuata wanavyo. Dirisha la ghorofa ya pili lina nguo zimeanikwa juu ya duka la saa, maana yake kuna watu walioishi juu ya maduka. Mlangoni mwa duka la nne mtu amegeuka kutazama kamera, uso umefifia kwa sababu alitikisika. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa pale kwa ajili ya mnunuzi. Na sijagusa bado upande wa nyuma.

Hivi ndivyo ningekushauri ufanye: kadi moja kwa wakati, kwa utulivu, na ukiandika unachokiona kabla ya unachokidhani. "Mtoto hana viatu" ni kitu unachokiona. "Mtoto ni maskini" ni dhana, na inaweza kuwa kweli au la. Ukitenganisha hayo mawili kwenye daftari lako, hata ndugu zako watakuwa na kitu cha kushika.

Kuna fungu moja sandukuni mwako ambalo ningelitazama kwanza kuliko yote: zile kadi za watu wamesimama mbele ya duka au karakana, zisizo na maelezo. Zinawezekana kabisa kuwa si chapa za kiwandani bali picha halisi zilizosafishwa juu ya karatasi ya picha yenye mgongo wa postikadi. Mwaka 1903 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kukunja ambayo filamu yake ilikuwa na ukubwa wa postikadi yenyewe, karibu sentimita 8 kwa 14, kwa hiyo picha ilihamishwa moja kwa moja kutoka kwenye filamu hadi kwenye kadi bila kukuzwa. Ghafla mpiga picha wa mji mdogo, au hata mtu binafsi, aliweza kutengeneza kadi tano au kumi tu za tukio lisilomhusu mchapishaji yeyote mkubwa: wafanyakazi wa kiwanda cha mkate, mafuriko mtaani, darasa la shule, duka lililofunguliwa leo. Kadi ya namna hiyo huenda ilibaki moja tu duniani. Na wale waliosimama mlangoni waliitengeneza ili waitume kwa jamaa zao. Hawakuwa wanawauzia wageni. Walikuwa wanasema, "Sisi ndio hawa, na kazi yetu ndiyo hii." Wamejipanga, ndiyo, na huenda wamevaa nguo zao nzuri, lakini walijipanga kwa uamuzi wao wenyewe.

Namna ya kuzitambua ni rahisi. Tazama sehemu ya uso au anga kwa kioo cha kukuza. Ukiona nukta zilizopangwa kwa mistari, hiyo ni chapa ya mtambo. Ukiona chembechembe ndogo zisizo na mpangilio, inaelekea ni chapa ya njia nyingine ya zamani iliyotumia tabaka la jelatini juu ya kioo. Ukiona weusi unayeyuka taratibu kuwa weupe, bila nukta wala chembe za wino, hiyo ni picha halisi. Inamishe kidogo chini ya mwanga; sehemu nyeusi zikitoa mng'ao wa kibuluu kama bati, ni madini ya fedha ya picha yaliyopanda juu kwa miaka mingi. Usiusugue mng'ao huo, maana ndiyo picha yenyewe.

Kuhusu tarehe, hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu njia unayoitumia itakupotosha bila wewe kujua. Kila kadi iliyotumwa ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipopita posta. Muhuri unakupa ya tatu tu. Kadi iliweza kukaa kwenye rafu ya duka miaka kadhaa, na wachapishaji walirudia kutumia picha ile ile kwa miaka mingi zaidi kwa sababu kupiga mpya ni gharama. Kwa hiyo muhuri wa 1911 unakuambia jambo moja la uhakika: picha haikupigwa baada ya 1911. Inaweza kuwa ya 1910, inaweza kuwa ya 1898. Ukiandika "mtaa mwaka 1911" umeandika kitu ambacho kadi haijasema.

Kinachokusaidia kusogea nyuma ni kadi yenyewe. Postikadi ilianza Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye, na Marekani mwaka 1873. Zile za mwanzo hazikuwa na picha kabisa. Zilikuwa karatasi ngumu za serikali zenye stempu iliyochapwa. Picha zilipoingia, kanuni za posta zilitaka upande mmoja mzima uwe wa anwani tu, ndiyo maana katika kadi za zamani sana unakuta mtu amebanana kuandika salamu juu ya anga ya picha au pembezoni mwake. Baadaye posta za nchi mbalimbali ziliruhusu upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari, kushoto ujumbe na kulia anwani. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani tarehe 1 Machi 1907. Basi, kadi ya Kiingereza yenye mstari huo haikuchapwa kabla ya 1902, hata kama picha ni ya zamani zaidi. Isiyo na mstari inaelekea kuwa ya kabla ya hapo, japo akiba za zamani ziliendelea kuuzwa kwa muda.

Alama nyingine zinategemea kadi zilichapwa wapi. Kwa kadi za Marekani, ukingo mweupe kuizunguka picha ulikuwa wa kawaida kati ya 1915 na 1930 hivi. Karatasi iliyofinyangwa ikawa na mikunjo midogo kama kitambaa cha kitani ni ya miaka ya 1930 na 1940. Zile zinazong'aa, zenye rangi za picha halisi ya rangi, zilianza 1939 na kutawala baada ya vita. Kampuni ya Curt Teich ya Chicago, iliyokuwa miongoni mwa wachapaji wakubwa wa kadi hizo za kitani, iliweka namba inayosaidia sana: tarakimu ikifuatwa na herufi A ni miaka ya 1930, B ni miaka ya 1940, C ni miaka ya 1950, na tarakimu yenyewe ni mwaka ndani ya muongo huo. Kwa hiyo namba inayoanza na 5A ni ya mwaka 1935. Kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa maktaba ya Newberry mjini Chicago, na humo kuna majalada ya kazi yenye picha za asili pamoja na maelekezo ya wateja kuhusu kitu gani kiondolewe na rangi gani ipakwe. Ukitaka kumwonyesha mtu kwa macho namna mtaa halisi ulivyogeuzwa kuwa mtaa wa kuuza, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Kwa picha halisi, tazama kisanduku kilichochapwa mahali pa kubandika stempu, kwani watengenezaji wa karatasi waliandika jina la karatasi yao hapo. Kwa mfano, neno AZO lenye pembetatu nne zote zikielekea juu ni karatasi ya takriban 1904 hadi 1918. Mbili zikielekea juu na mbili chini, ni takriban 1918 hadi 1930. Kama stempu imekifunika kisanduku, kiache hivyo hivyo. Kubandua stempu ili usome kilicho chini yake ni kuharibu ushahidi mmoja ili kupata mwingine.

Kisha rudi kwenye picha. Nyaya za tramu, aina ya magari, taa za barabarani, urefu wa gauni, jina la duka ambalo vitabu vya anwani za mji vinaweza kukuambia lilifunguliwa na kufungwa lini. Kila kimoja kinakuambia "si kabla ya" au "si baada ya". Andika hivyo hivyo, mipaka miwili: "kati ya 1904 na 1911". Haivutii kama mwaka mmoja, lakini ni ya kweli, na atakayekuja baada yako hatalazimika kuanza upya.

Usiwe na haraka ya kuziweka kando zilizoandikwa kwa sababu tu mwandiko ni mgumu. Watu wengi hufikiri ujumbe wa postikadi ni "salamu kutoka hapa, hali ya hewa nzuri" na basi. Zipo za namna hiyo. Lakini katika miji kama London mwanzoni mwa karne ya 20, barua ziligawiwa mara kadhaa kwa siku, na kadi iligharimu nusu peni tu hadi mwaka 1918. Mtu aliweza kutuma asubuhi na ikafika siku hiyo hiyo, kwa hiyo waliitumia kama sisi tunavyotumia ujumbe mfupi wa simu: nitakuja na treni ya saa kumi, mtoto amepata nafuu, niletee zile buti, mbona hujajibu. Utakuta mtu ameweka alama ya msalaba kwenye dirisha moja la picha akaandika nyuma kwamba hapo ndipo anapolala. Alama hiyo moja ya kalamu inageuza picha ya hoteli kuwa picha ya chumba cha mfanyakazi wa hoteli. Wengine waliogopa macho ya tarishi na ya watu wa nyumbani, wakaandika kinyumenyume au kwa mafumbo waliyoyajua wawili. Na kadi tupu zisizotumwa nazo zina maana yake: kuna mtu aliyezinunua ili abaki nazo. Kukusanya kadi kwenye albamu kulikuwa shughuli ya nyumba nyingi zama hizo.

Anwani pia isome. Jina la mpokeaji likirudi tena na tena, likihama mtaa, likibadilika ubini baada ya ndoa, tayari umeshaanza kumfuata mtu. Ila hapa naweka tahadhari: kadi za miongo ya karibuni zinaweza kuwa na majina na anwani za watu walio hai au wenye watoto hai. Zihifadhi, lakini usizisambaze bila kufikiri.

Sasa niseme kitu kizito zaidi ambacho watu wanaopenda kadi hizi mara nyingi hukikwepa. Hata ukisoma pembeni kwa makini namna gani, kuna maisha ambayo hayakuingia kabisa. Ndani ya nyumba hakuonekani sana. Kazi za usiku, magonjwa, mitaa ya nyuma ambako hakukuwa na kitu cha kuuza, siku za kawaida za mvua, hivyo vyote ni haba. Ukipanga kadi zako mia mbili na kusema "huu ndio mji", utakuwa umeujenga mji wenye jua daima na barabara kuu tu. Kitu kisichoonekana kwenye kadi kinaweza kuwa hakikuuzika tu.

Na kama miongoni mwa zako zipo kadi kutoka nchi zilizokuwa zinatawaliwa na wageni, zisome kwa uangalifu mara mbili. Wapiga picha wengi waliwaweka watu studio, wakawavisha na kuwashikisha vitu, kisha chini pakachapwa jina la "kabila" au "aina" badala ya jina la mtu. Picha moja iliweza kuuzwa tena kwa maelezo tofauti kabisa, mahali pengine. Watu hao mara nyingi hawakuulizwa, na wengine walipigwa picha katika hali ya kuwadhalilisha. Sisemi uzitupe, sisemi pia uzitundike ukutani. Maelezo yaliyochapwa yanakili kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, ili ijulikane kuwa ni maneno ya mchapishaji na si ya aliyepigwa picha. Kinachoweza kuaminika katika kadi za namna hii mara nyingi ni kidogo, na ni bora kukubali hivyo kuliko kulazimisha.

Turudi kwenye kitambaa chako. Maji ni hatari kwa sababu kadi moja ina vitu vingi juu yake: wino wa kalamu, wino wa muhuri, rangi ya kupaka, gundi ya stempu, na katika picha halisi, tabaka la jelatini. Jelatini ikilowa huvimba na kulainika. Ikigusana na kitu inaganda nacho, na picha hubanduka pamoja na kitambaa. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, ukianzia katikati kuelekea nje, na madoa yaache yalivyo. Kulamineti ni joto pamoja na gundi inayoingia ndani ya karatasi, na haiondoki bila kuchana. Badala yake, tumia mifuko ya plastiki ya poliesta au polipropilini. Epuka ile laini yenye harufu kali ya mpira, ambayo kwa kawaida ni ya PVC; hutoa kemikali zinazong'ang'ania picha na kuila karatasi. Toa mipira ya kufungia, klipu na pini. Kama lazima uandike kitu nyuma, andika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Weka sanduku mahali pakavu, pa baridi kiasi na pasipo mwanga, mbali na sakafu na mbali na dari.

Kila kadi iskani pande zote mbili, hata zile tupu, kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ukifika hapo, utaweza kukuza kona ya picha kwenye kompyuta bila kuigusa tena ile ya asili, na kila ndugu yako atapata nakala yake. Hiyo peke yake inaweza kupunguza ubishi wa nani achukue nini.

Kuhusu la kufanya nazo, kila njia ina hasara yake. Ukibaki nazo, unabeba jukumu la kuzitunza. Ukiziuza, fahamu kwamba wafanyabiashara hupanga kadi kwa mahali na mada. Stesheni zitakwenda kwa mtu huyu, bandari kwa yule, na lile fungu la shangazi litakuwa limekwisha. Ukizitoa kwa maktaba au hifadhi ya nyaraka, uliza kwanza kama watazipokea zote kwa pamoja, na kama wana uwezo wa kuziorodhesha. Sanduku lililofungiwa stoo halimsaidii mtu. Binafsi nachukia kuona mkusanyo wa mtu mmoja ukigawanywa, na ningependa ubaki pamoja angalau mpaka uwe umeuskani wote. Kwa wale ndugu wanaoziita takataka, waambie kwamba mpiga picha mashuhuri wa Marekani, Walker Evans, alikusanya kadi za namna hii karibu 9,000, za barabara kuu, hoteli na viwanda vya miji midogo, na leo zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Kabla ya kuchapisha picha yoyote kitabuni au kuiuza, angalia pia sheria ya hakimiliki ya nchi husika, kwani katika nchi nyingi haki ya mpiga picha hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, hata kama kadi yenyewe ni mali yako.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako kwa kusoma maelezo yangu. Ukiona ukungu wenye vumbi la kijani au jeusi, harufu ya uvundo, au matundu ya wadudu, zitenge kadi hizo ndani ya bahasha ya karatasi, nawa mikono, vaa barakoa ukizishika, na umtafute mtaalamu wa kuhifadhi karatasi na picha. Maktaba kubwa, makumbusho au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nawe mara nyingi inaweza kukuelekeza kwake. Zile zilizogandishwa kwenye albamu nazo ni kazi yake, si ya kisu cha jikoni wala mvuke wa birika. Skani ukurasa mzima kama ulivyo, kisha umpelekee albamu nzima, pamoja na kurasa zisizo na kitu, na umwambie ni kadi zipi zenye mwandiko nyuma unaoonekana ukizielekeza kwenye mwanga. Atakuambia zipi zinabanduka salama na zipi ni heri zibaki zilipo.